Poka Dar es Salaam: tonamenti au keshi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi nauza spea Gerezani, Kariakoo, na Ijumaa usiku nacheza poka. Maswali haya nimeulizwa mezani, kwenye magrupu ya WhatsApp na dukani, na wateja waliokuja kutafuta shokapu wakaishia kuzungumzia karata. Nimeyapanga kuanzia ya anayeanza hadi ya aliyekwisha kuliwa mara kadhaa. Tarakimu za pesa ni za mfano. Weka za meza yako ufanye hesabu upya.

## Misingi

Tonamenti na keshi zinatofautianaje?

Kwenye keshi, chipu ni pesa. Chipu ya 5,000 ni shilingi 5,000 kamili. Ukichoka unainuka, unakwenda dirishani, unabadilisha, unaondoka. Zikiisha, unaingiza mkono mfukoni. Blaindi, yaani dau la lazima linalowekwa na wachezaji wawili kabla ya karata kugawiwa, hazibadiliki usiku kucha.

Kwenye tonamenti unalipa kiingilio mara moja na unapewa chipu, tuseme 20,000, ambazo haziwezi kukununulia hata maji ya Kilimanjaro. Blaindi zinapanda kila baada ya dakika kadhaa. Aliyeishiwa anatoka. Fungu lote la pesa wanagawana wachache wa mwisho, mara nyingi mtu mmoja kati ya saba au wanane, na aliyeshika nafasi ya kwanza anachukua kipande kikubwa. Kuinuka katikati na kudai pesa yako haiwezekani.

(Nasema "chipu" kwa makusudi. Mezani wengi husema "chipsi", na nimeshuhudia mhudumu akileta sahani kwa mtu aliyekuwa akidai chipu za laki moja.)

Sheria za karata zinabadilika?

Hapana. Ni Texas Hold'em ileile: mbili mkononi, tano mezani, mwenye tano bora anachukua poti, yaani pesa zote zilizowekwa katikati. Kinachobadilika ni thamani ya chipu, na hapo ndipo wengi huteleza. Tazama swali la kugawana mkiwa watatu, huko chini.

Mimi ni bingwa wa albastini kijiweni. Poka itanishinda?

Kukumbuka karata zilizokwisha kutoka kunakusaidia sana kwenye albastini. Kwenye poka pakiti inachanganywa upya kila mkono, yaani kila karata zinapogawiwa, na hakuna turufu, kwa hiyo kumbukumbu hiyo haina kazi. Unachobeba kutoka kijiweni ni kumsoma mtu usoni, na hata hicho kinalipa kidogo kuliko unavyofikiri. Kinacholipa ni kutupa karata mbovu saa nzima bila kununa. Vijana wa kijiweni hawawezi. Wanaona aibu kukaa bila kucheza.

Si ni kamari tu?

Kwa sheria ni mchezo wa kubahatisha, na unasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003. Chini ya miaka 18 haruhusiwi, na kuendesha meza kwa biashara bila leseni ni kosa. Yale mageto ya watu ambako mwenye nyumba anakata asilimia ya kila poti hayana ulinzi wowote: ukidhulumiwa, hakuna pa kushtaki bila kujishtaki na wewe.

Kwa dini, masheikh wengi wanaiweka kwenye maysir, yaani kamari, iliyotajwa katika Suratul Maida, na mimi siwezi kubishana nao kwenye ukurasa wa karata. Kila mtu ana Mungu wake na dhamiri yake.

Kwa hesabu, bahati inatawala usiku mmoja na ujuzi unatawala miaka. Swali la tonamenti au keshi, kwa kiasi kikubwa, ni swali la muda gani bahati itachukua kukaa pembeni.

## Pesa

Kwa kifupi basi: kipi kinalipa?

Kwa mchezaji mzuri wa Dar, keshi inalipa zaidi kwa saa na inalipa mapema. Kwa mchezaji wa kawaida, tonamenti inamla polepole na kwa kipimo. Kwa mchezaji mbovu, keshi ni bomba lililoachwa wazi.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kipi kinalipa, jiulize wewe uko kundi gani. Usinijibu kwa mdomo. Nijibu kwa daftari lenye tarehe, saa ulizokaa, pesa uliyoingia nayo, uliyotoka nayo, na nauli. Kati ya watu kumi walioniambia wanashinda, aliyekuwa na daftari ni mmoja, na huyo alikuwa wa kwanza kukiri kwamba kwa mwaka mzima ametoka sare.

Nionyeshe hesabu ya tonamenti.

Chukua tonamenti ya watu 40. Kiingilio 60,000: kati ya hizo 50,000 zinaingia kwenye fungu na 10,000 ni ya nyumba. Fungu ni 2,000,000. Wanalipwa watano: 800,000, 500,000, 320,000, 220,000 na 160,000.

Mchezaji wa wastani kabisa, kila anapoingia, anatarajia kurudishiwa 50,000 kwa 60,000 aliyotoa. Anapoteza 10,000 hata kama hajakosea zaidi ya wengine. Ili utoke sare tu, lazima uwazidi wenzako kwa asilimia 20.

Sasa tuseme wewe ni mzuri, na unafika kila nafasi ya malipo mara moja na nusu ya mtu wa wastani. Unatarajia kurudi na 75,000. Faida ni 15,000 kwa tonamenti, sawa na asilimia 25 ya kiingilio. Kwenye karatasi inapendeza, kama yale mahesabu ya ekari moja ya matikiti yanayozunguka WhatsApp. Lakini katika tonamenti 100 utalipwa kama 19 tu. Mara 81 utaondoka mikono mitupu, na wastani wa saa tatu umekaa. Hiyo ni shilingi 5,000 kwa saa, na nauli ya bajaji kutoka mezani Masaki hadi nyumbani Tabata saa nane usiku bado hatujaitoa. Nauli hiyo peke yake inaweza kuimeza faida yote, na hili sijalisikia kwa wanaohesabu asilimia.

Na hesabu ya keshi?

Meza ya blaindi 1,000 kwa 2,000, yaani ndogo 1,000 na kubwa 2,000. Unakaa na 200,000, yaani blaindi kubwa 100. Mchezaji mzuri kwenye meza laini, yaani yenye wachezaji dhaifu, anaweza kupata kama blaindi kubwa tano kwa saa, maana yake 10,000. Ni mara mbili ya ile ya tonamenti, na ukiona usingizi saa tano usiku unaondoka.

Lakini tazama pesa iliyo hatarini. Kwenye tonamenti, usiku mbaya unakugharimu 60,000 na umekwisha. Kwenye keshi, usiku mbaya ni 200,000, kisha 200,000 nyingine, kisha unampigia simu mtu akutumie kwenye M-Pesa. Nimemwona mtu makini kabisa, mwenye duka lake, akiingia mara nne usiku mmoja kwa sababu kijana mmoja alimcheka alipoliwa na blafu, yaani dau la kutishia lisilo na karata. Ukijijua una hasira za karibu, tonamenti inakulinda na wewe mwenyewe, na ulinzi huo una thamani kuliko blaindi tano kwa saa.

Reki ni nini, na kwa nini unaipigia kelele?

Ni kile nyumba inachokata. Neno lilelile la chombo cha kukusanyia majani, na kazi ni ileile. Kwenye tonamenti unaliona wazi, ni ile 10,000 juu ya kiingilio. Kwenye keshi hukatwa kidogokidogo kutoka kila poti, na kwa sababu ni poti za watu wengine pia, hakuna anayeiona ikiondoka.

Hesabu. Dila mzuri anagawa kama mikono 28 kwa saa. Poti ya wastani 30,000. Nyumba inakata asilimia 10 bila kikomo: 3,000 kwa poti, 84,000 kwa saa. Mezani mpo wanane, kwa hiyo kila mmoja anachangia kama 10,000 kwa saa. Kumbuka mchezaji wetu mzuri alikuwa anapata ngapi. Meza kama hiyo haishindiki, hata ukae na watu wasiojua kwamba flashi (tano za ua moja) inaipiga streti (tano zinazofuatana).

Ikikatwa asilimia 5, mzigo unashuka hadi 5,000 hivi kwa kila kichwa, na nyumba ikiweka kikomo kwa poti kubwa unashuka zaidi. Uliza mambo mawili kabla ya kukaa: asilimia ngapi, na kikomo kiko wapi. Dila akikujibu "usijali bosi", jali.

Kwa hiyo ninaposema keshi inalipa zaidi, nina maana keshi yenye reki ya kistaarabu. Penye asilimia 10 bila kikomo, tonamenti ya 50,000 na 10,000 ni nafuu.

Mbona yule Mmarekani alitajirika na tonamenti moja?

Chris Moneymaker. Mwaka 2003, mhasibu huyo aliingia World Series of Poker kule Las Vegas kwa tiketi aliyoshinda mtandaoni kwa chini ya dola 100, badala ya kulipa kiingilio cha dola 10,000. Walikuwa watu 839, akawashinda wote, akachukua dola milioni 2.5. Hadithi ni ya kweli, na ndiyo iliyojaza meza za dunia nzima.

Mwaka 2024 mashindano hayohayo yaliingiwa na watu 10,112. Walilipwa 1,517, na bingwa alipata dola milioni 10. Waliobaki zaidi ya 8,500 walirudi kwao bila kitu, na hao hawatengenezewi hadithi.

## Bahati

Nimecheza tonamenti kumi mfululizo sijalipwa hata moja. Nimelogwa?

Hujalogwa. Yule mchezaji mzuri wa mfano wetu, anayelipwa mara 19 kati ya 100, ana nafasi kama moja kati ya nane ya kupitia tonamenti kumi zozote bila kulipwa. Kwa anayecheza kila wiki, huo ni ukame wa miezi miwili na nusu, na ni jambo la kawaida.

Tatizo ni kwamba mchezaji mbovu anaona kitu kilekile. Kutoka ndani, ukame wa bahati na ukame wa ujinga vinafanana kabisa.

Kwa nini bahati ina nguvu zaidi kwenye tonamenti?

Sababu ya kwanza ni blaindi. Chipu 20,000 kwa blaindi 100 kwa 200 ni blaindi kubwa 100, umetulia. Ngazi ikiwa ya dakika 20, unapata mikono minane au tisa tu kabla blaindi hazijapanda. Baada ya saa tatu tuseme ziko 1,000 kwa 2,000 na mmebaki 15. Chipu zote za ukumbi ni 800,000, kwa hiyo kila mmoja ana wastani wa blaindi kubwa 26. Hapo nafasi ya ufundi wa polepole ni ndogo. Wenye chipu chache wanabaki na kusukuma zote au kutupa.

Sababu ya pili ni kwamba ukifa umekufa. Chukua hali bora unayoweza kuiomba: una ese (A) mbili, mwenzako ana kingi (K) mbili, chipu zote ziko katikati. Unashinda kama mara 82 kati ya 100. Sasa omba upate hali hiyo mara tano usiku mmoja. Nafasi ya kushinda zote tano ni asilimia 37. Yaani ukicheza kwa ubora ambao binadamu hawezi kuupata, bado mara nyingi unabomoka njiani. Kwenye keshi, ile moja unayopoteza inakugharimu dau moja, unajaza, unaendelea na mkono unaofuata.

Nicheze ngapi ndipo nijue kama naweza?

Hapa ndipo Dar inatofautiana na yale unayosoma kutoka nje. Mchezaji wetu mwenye faida ya 15,000 akicheza mara moja kwa wiki, tonamenti 50 kwa mwaka, anatarajia 750,000. Lakini matokeo yanayumba kwa zaidi ya milioni moja juu na chini ya hapo. Maana yake, mchezaji mzuri kweli ana nafasi zaidi ya robo ya kumaliza mwaka akiwa ameliwa. Ili nafasi hiyo ishuke hadi kama asilimia 5, anahitaji tonamenti 400. Kwa moja kwa wiki, ni karibu miaka minane.

Kijana wa Ulaya anayefungua meza kumi kwenye kompyuta anamaliza 400 ndani ya wiki chache. Ushauri wake wa "vumilia, bahati itajisawazisha" ni sahihi kwake. Kwako itajisawazisha mtoto wako wa kwanza akiwa darasa la pili.

Keshi inakwenda haraka zaidi. Usiku 50 wa saa tano ni saa 250, na kwa mfano wetu unatarajia 2,500,000. Kwa myumbo wa kawaida wa meza ya aina hiyo, nafasi ya mchezaji mzuri kumaliza mwaka akiwa ameliwa ni kama asilimia 6. Ndani ya mwaka mmoja daftari linaanza kusema ukweli. Kwangu hii ndiyo sababu kubwa ya kuchagua keshi, kuliko hata ile faida ya kila saa.

## Mtaji na maisha

Nianze na mtaji kiasi gani?

Wenye kazi hii husema viingilio 20 hadi 30 kwa keshi, na 100 au zaidi kwa tonamenti. Kwa mifano yetu ni milioni 4 na kuendelea kwa keshi, na milioni 6 kwa tonamenti. Kiingilio cha tonamenti ni kidogo lakini kinataka akiba kubwa zaidi, kwa sababu ya ukame tuliouzungumza.

Kama hizo huna, na wengi hatuna, usijiite mchezaji wa kipato. Tenga fungu la starehe kwa mwezi, kama unavyotenga la mpira na nyama choma. Hapo tonamenti inashinda wazi: 60,000 inakupa jioni nzima, na unajua mapema gharama yake ya juu kabisa.

Naweza kutumia pesa ya mchezo wa kupeana (upatu) nikairudisha kabla kijumbe hajapita?

Hapana. Wala ya kikoba, wala ada ya watoto, wala mkopo wa kausha damu. Swali hili huja kwa namna kumi tofauti na jibu ni hilohilo. Mtu anayecheza na pesa yenye tarehe ya kurudi anashindwa kutupa karata inapobidi, na meza nzima inamnusa ndani ya nusu saa.

Ukianza kuficha nyumbani ulikokuwa, au kurudi kesho yake ili "ufidie", acha kabisa kwa miezi kadhaa na umwambie mtu mmoja unayemheshimu.

Asubuhi nina kazi. Ipi inanifaa?

Keshi, kwa sababu unapanga mwenyewe saa ya kuondoka. Tonamenti ikikuendea vizuri ndipo inakuumiza: saa nane usiku mmebaki saba, kesho saa moja asubuhi uko kwenye mwendokasi unasinzia umesimama. Ila nikiri, anayesema "naondoka saa nne" kwenye keshi ndiye mara nyingi hukesha. Nadhani neno lenyewe lilimwonya.

Na mtandaoni?

Tonamenti ni nyingi, kwa hiyo tatizo la miaka minane linapungua. Lakini wapinzani ni wakali kuliko wa Masaki, na saa hazituhurumii. Tonamenti kubwa za Jumapili hupangwa kwa jioni ya Ulaya, kwetu ni saa tatu au nne usiku, na meza ya mwisho inakukuta alfajiri ya Jumatatu. Hakikisha kwanza kampuni ina leseni na njia ya kutoa pesa inayofanya kazi kwa Tanzania. Kuweka pesa ni rahisi kila mahali.

Naweza kuacha kazi?

Hapana.

## Maswali ya waliokwisha kuanza

Nashinda keshi. Kwa nini tonamenti zinanishinda?

Pengine unacheza keshi ndani ya tonamenti. Kwenye keshi ukiona dau lina faida, hata ndogo, unafuata. Kwenye tonamenti, mkikaribia nafasi za malipo, chipu ulizo nazo ni ghali kuliko chipu utakazoshinda: ukizidisha mara mbili pesa yako haizidi mara mbili, lakini ukizipoteza umetoka. Kwa hiyo unatupa mikono ambayo kwenye keshi ungefuata bila kufikiri, na unawasukuma walio na chipu za katikati, wanaoogopa kutoka kabla ya wale wadogo. Wenye chipu chache kabisa wala usiwatishe, hawana cha kuogopa.

Kosa la pili ni subira ya kizee. Ukisubiri ese mbili, zinakuja mara moja kwa mikono 221. Kwa mikono 25 au 28 kwa saa, tonamenti itakuwa imekwisha.

Tumebaki watatu, wenzangu wanasema tugawane. Nikubali?

Inategemea mnagawana kwa hesabu gani, na hapa watu wanadhulumiwa wakicheka.

Turudi kwenye mfano wetu. Zimebaki zawadi tatu: 800,000, 500,000 na 320,000. Jumla 1,620,000. Una chipu 400,000, wa pili ana 240,000, wa tatu ana 160,000.

Mwenye chipu nyingi atapendekeza mgawane kwa uwiano wa chipu. Kwa njia hiyo, wewe mwenye nusu ya chipu ungepata 810,000. Simama hapo: hiyo ni zaidi ya zawadi ya kwanza! Ungelipwa zaidi ya bingwa bila kushinda. Wa tatu angepata 324,000, yaani 4,000 tu juu ya zawadi ya chini ambayo tayari ni yake. Mwenye chipu chache atapendekeza kugawana sawa, 540,000 kila mtu, na hiyo inakudhulumu wewe.

Hesabu inayotumika duniani inaitwa ICM. Inachukua chipu za kila mmoja kama nafasi yake ya kuwa wa kwanza, kisha inakadiria nafasi ya kuwa wa pili na wa tatu, na kuzidisha na zawadi. Kwa mfano wetu inatoa kama 621,000 kwako, 531,500 kwa wa pili na 467,500 kwa wa tatu. Zipo tovuti zinazoipiga bure kwa sekunde, fungua simu mezani mbele ya wote. Mkiwa na mtu anayejua zaidi yenu, mwongezeeni kidogo au mkatae mcheze.

Mimi kwa kawaida nakubali. Kwa anayecheza mara moja kwa wiki, kupunguza myumbo kuna thamani kubwa, kwa sababu ile ile ya swali la tonamenti ngapi. Na blaindi zikifika hapo, tofauti ya ujuzi wenu imebaki ndogo.

Nikitolewa mapema, nilipe niingie tena?

Iandike kama tonamenti mpya, kwa sababu ndivyo ilivyo. Umelipa 60,000 nyingine, ya nyumba ikiwemo. Mapema, chipu zako zikiwa bado blaindi kubwa 60 au 100, inaweza kuwa na maana. Mwisho wa muda wa kuingia, ukipewa blaindi kubwa 15, unanunua kamari. Wanaosema "tonamenti ni nafuu" mara nyingi wameingia mara tatu na wanahesabu moja.

Kuchelewa kuingia ni ujanja?

Kwa mzuri, hapana. Mikono ya mwanzo dhidi ya wageni ndiyo yenye faida. Kwa anayetoka kazini Posta na kukwama Ali Hassan Mwinyi, hana la kuchagua.

Tonamenti za tiketi zina maana?

Zile ambazo zawadi ni kiingilio cha tonamenti kubwa. Ndizo alizopitia Moneymaker. Zikumbuke kwa jambo moja: zikitolewa tiketi tano, wa kwanza na wa tano wanapata sawa. Ukiwa na chipu za kutosha kufika, acha kucheza kabisa, hata ese mbili unaweza kuzitupa. Na hakikisha ungekuwa tayari kucheza tonamenti kubwa hiyo, kama sivyo unashinda kitu usichokihitaji.

Nimepata haraka kwenye keshi. Kuondoka ni ukosefu wa adabu?

Ni haki yako. Kwenye meza za marafiki, tangaza mapema, "mimi naondoka saa nne", halafu uondoke saa nne, umeshinda au umeliwa. Anayeondoka baada ya dakika ishirini na laki tano kila wiki hataalikwa tena, na mwaliko kwenye meza laini una thamani kuliko laki tano.

Rafiki anataka kununua nusu ya kiingilio changu.

Kwenye tonamenti ni jambo zuri: myumbo unapungua na jioni inapata washabiki. Andikeni kwenye meseji kabla ya kuanza: asilimia ngapi, ukiingia tena itakuwaje, mkigawana mwishoni itakuwaje. Kwenye keshi sipendekezi. Hawezi kujua uliingia na ngapi, na hata ukiwa mwaminifu, utahisi anakutilia shaka.

Kodi?

Mwendeshaji mwenye leseni anakata kodi ya ushindi kabla hujalipwa, na viwango hurekebishwa na Sheria ya Fedha, ambayo kila mwaka huanza kutumika Julai 1. Uliza kama zawadi zilizotangazwa ukutani ni kabla au baada ya makato. Kama ni kabla, rudia hesabu yote ya swali la tonamenti ukitumia pesa halisi. Ile faida ya 15,000 inaweza isiwepo.

Nimeshinda, ni saa nane usiku, nina laki nane taslimu. Nirudije?

Omba sehemu kubwa ilipwe kwa benki au kwa simu, hata kama utasubiri hadi Jumatatu. Ukichukua taslimu, usiiage meza kwa kelele. Ita usafiri kwa programu ukiwa bado ndani, usipande bodaboda inayokusubiri nje na kukujua jina. Usipitie mahali kunywa. Na kabla hujalala, washa taa, fungua daftari, andika: 800,000, kiingilio 60,000, saa sita, nauli 18,000.